Aliasi za Route 53 mbele ya CloudFront: zinafaa tovuti za Lubumbashi?

Mwenye kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) wa Kampemba, Lubumbashi, akiandika anwani ya tovuti yake ubavuni mwa gari la mizigo, haandiki www. Anaandika duka.example tu, na mteja wa Likasi au Kolwezi anaiandika hivyohivyo kwenye simu. (Hilo ni jina la mfano, weka lako.) Jina hilo tupu, lisilo na kitu mbele yake, ndilo linalosumbua mara tu unapotaka kuweka CDN mbele ya tovuti, yaani mtandao wa vituo vilivyotapakaa duniani vinavyoshika nakala za kurasa na kumpa mteja kutoka karibu.

Huduma tunayoipima hapa ni Route 53, yaani DNS ya Amazon (DNS ndiyo hugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP), na aina yake ya rekodi inayoitwa aliasi, ikielekezwa kwenye CloudFront ambayo ni CDN ya kampuni hiyohiyo. Hukumu yetu tuitoe mapema. Ukiwa umeshaamua kutumia CloudFront, hakuna njia safi kuliko hii, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba haina mjadala. Ukiwa bado hujachagua CDN, usiifuate kwa sababu ya aliasi peke yake, maana ina ukuta mmoja mrefu ambao muuzaji hautaji sana.

Kwanza, kwa nini isiwe CNAME ya kawaida. CNAME humwambia anayeuliza kwamba jina hili ni lakabu, akaulize kule. Tangu RFC 1034 ya mwaka 1987 kanuni ni kwamba jina lenye CNAME lisibebe rekodi nyingine. Jina tupu haliwezi kuitii kanuni hiyo: lina SOA na NS (rekodi za seva zinazolisimamia jina) kwa lazima, na karibu kila mara lina MX ya barua pepe na TXT ya SPF (inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina hilo). Paneli nyingi za hosting zitakukatalia palepale, na hilo ni jema. Balaa ni zile zinazokubali. Tovuti inafunguka, bosi anafurahi, halafu baadhi ya barua pepe zinaanza kupotea. Rizolva, yaani seva inayoulizia majina kwa niaba ya mteja, ikishaweka CNAME kwenye kache (kumbukumbu yake ya muda) huitumia kwa kila swali linalohusu jina hilo, hata swali la MX. Inakwenda kutafuta sanduku la barua kwenye d111111abcdef8.cloudfront.net, na huko hakuna. Rizolva iliyobahatika kuuliza MX kabla ya A (rekodi ya anwani ya IP) inapata jibu sahihi, ndiyo maana barua za Gmail zinaweza kufika na za benki zisifike, na fundi anashinda akiilaumu seva ya barua ambayo haina kosa.

Aliasi haina shida hiyo kwa sababu haitoki nje. Inabaki ndani ya Route 53 kama agizo tu, na anayeuliza hupewa rekodi za A za kawaida. Andika `dig duka.example` na utaona anwani kadhaa za IP zenye TTL (muda wa kukaa kwenye kache) ya sekunde 60, bila CNAME yoyote. TTL hiyo imewekwa na CloudFront. Kwenye zoni yako, yaani orodha ya rekodi zote za jina lako, hakuna pa kuibadilisha. MX, TXT na NS zinakaa pembeni yake bila kugombana.

Umbali, na kwa nini aliasi zote si sawa

Watu hulinganisha hapa vitu visivyolingana. DNSimple wana rekodi wanayoiita ALIAS, DNS Made Easy wana ANAME, na kwa nje zote zinajibu jina tupu kwa anwani za IP. Tofauti iko jikoni. Kwa kawaida seva ya kampuni hizo huenda yenyewe kuiuliza CloudFront, inapokea anwani na kukugawia. Na CloudFront huchagua kituo kwa kuangalia swali limetoka wapi. Swali likitoka kwenye mashine iliyoko Frankfurt, jibu ni la Frankfurt, na mteja aliyekaa Katuba, hapa Lubumbashi, anapelekwa huko pamoja na simu yake. Zipo kampuni zinazotuma sehemu ya anwani ya mteja pamoja na swali, kwa utaratibu wa EDNS Client Subnet ulioandikwa katika RFC 7871 ya 2016. Muulize muuzaji waziwazi kama anafanya hivyo kabla hujalipa. Akijibu kwa kuzungukazunguka, chukua kwamba hafanyi.

Route 53 haihitaji kumtuma mtu, kwa kuwa yeye na CloudFront ni wa nyumba moja. Jibu hupangwa kwa kuangalia rizolva ya mteja mwenyewe, au sehemu ya anwani ya mteja kama rizolva imeituma.

Kwa Lubumbashi hili si jambo la kitaalamu tu. Kwa mstari mnyoofu, Johannesburg iko kama kilomita 1,600 kutoka hapa na Nairobi kama 1,550. Kinshasa, ambayo watu wanaidhania karibu kwa kuwa ni nchi moja, nayo iko umbali uleule. Frankfurt ni kama kilomita 7,100. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi Frankfurt ni milisekunde 71 hata kama kebo isingepinda popote, na Johannesburg ni 16. Kufungua ukurasa wa HTTPS kwa TLS 1.3 kunadai safari tatu kabla herufi ya kwanza haijafika: ya TCP (kuunganisha), ya TLS (kusimba) na ya ombi lenyewe. Hiyo ni 213 dhidi ya 48, na kebo halisi hupinda, kwa hiyo pengo la kweli ni kubwa zaidi. Ndiyo sababu hata jina lenye www tunashauri liwe aliasi, ingawa hapo CNAME inaruhusiwa: CNAME inaiongezea rizolva swali la pili, na swali hilo nalo ni safari.

Aliasi nzuri haitasaidia kitu kama umekosea kuchagua daraja la bei kwenye CloudFront. Price Class 100 ni Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Israeli tu. Ukiichagua ili kubana matumizi, wateja wako wote wa Haut-Katanga wanahudumiwa kutoka Ulaya. Afrika Kusini na Kenya zinaingia kuanzia Price Class 200. Chagua hiyo, au vituo vyote.

Kujua mteja anahudumiwa na kituo gani, tumia `curl -sI https://duka.example` na utafute mstari wa x-amz-cf-pop. Herufi tatu za mwanzo ni za uwanja wa ndege: JNB ni Johannesburg, CPT ni Cape Town, NBO ni Nairobi. Ukiona FRA, CDG au LHR, uko Ulaya. Pima kwa laini za kampuni zote za simu ambazo wateja wako wanazitumia, maana kila mtandao una njia yake ya kutoka nchini na jibu la Vodacom si lazima liwe la Airtel au Orange. Angalia pia rizolva iliyowekwa kwenye ruta ya ofisi. 8.8.8.8 ya Google hutuma sehemu ya anwani ya mteja, 1.1.1.1 ya Cloudflare haitumi, kwa hiyo ukiitumia hiyo kituo kitafuata ilipo rizolva na sio ulipo wewe.

Kuisimika

Anza na zoni, na usiguse NS kwa msajili (kampuni uliyonunua jina) bado. Ndani ya zoni mpya nakili kila kitu kilichoko kwenye DNS ya zamani: MX, TXT za SPF, DKIM na DMARC (za kuthibitisha barua pepe), rekodi za mail na webmail, autodiscover kama ipo. DKIM ndiyo husahaulika, kwa kuwa iko chini ya jina refu lenye _domainkey ambalo hulioni mpaka ulitafute. Route 53 itakupa seva nne za majina. Iulize mojawapo moja kwa moja, `dig MX duka.example @` ikifuatwa na jina la seva hiyo, ulinganishe na jibu la zamani, rekodi kwa rekodi.

Kisha cheti cha HTTPS. Cheti cha CloudFront lazima kitolewe ndani ya ACM (huduma ya vyeti ya Amazon) ya eneo la us-east-1, Virginia ya Kaskazini, hata kama kila kitu kingine umekiweka Cape Town. Cheti kilichotolewa kwingine hakitaonekana kwenye orodha, wala hutaambiwa sababu. Omba majina mawili, duka.example na www.duka.example, kwa kuwa nyota peke yake, *.duka.example, hailindi jina tupu. ACM itakupa CNAME ya uthibitisho. Kwa kuwa zoni mpya bado haijaanza kusikika duniani, iandike CNAME hiyo kwenye DNS ya zamani pia, la sivyo ombi litakaa likisubiri bure. Usiifute baadaye, ndiyo inayohuisha cheti chenyewe. Kama zoni ina rekodi ya CAA inayotaja mtoa vyeti mwingine, ongeza amazon.com.

Kwenye distribusheni ya CloudFront, yaani mpangilio wa tovuti yako humo, andika majina yote mawili kama majina mbadala. Asili, yaani seva inayotoa kurasa, ipe jina lake pekee, mfano asili.duka.example lenye rekodi ya A ya IP ya hosting. Usiweke duka.example kama asili. Ukishahamisha DNS, CloudFront itakuwa inajiuliza yenyewe.

Rekodi zenyewe ni nne: A na AAAA (ya anwani za IPv6) za jina tupu, A na AAAA za www, zote swichi ya Alias ikiwa imewashwa na lengo likiwa distribusheni. Wengi huandika A wakasahau AAAA, halafu wenye IPv6 hawaitumii hata siku moja. Tathmini ya afya ya lengo iache kwenye "No", kwa CloudFront haiwezekani kuiwasha. Unayefanya kwa Terraform au mstari wa amri: kitambulisho cha zoni ya lengo ni Z2FDTNDATAQYW2 kwa distribusheni zote za CloudFront. Kosa la kila siku ni kuweka pale kitambulisho cha zoni yako mwenyewe.

Jaribu kabla ya kuhama:

`curl -I --connect-to duka.example:443:d111111abcdef8.cloudfront.net:443 https://duka.example/`

Ukipata 200 na mstari wa x-cache, nenda kwa msajili ukabadilishe NS. Ikiwa DNSSEC (saini za DNS) imewashwa, ondoa DS (rekodi yake iliyoko kwa msajili) kwanza na usubiri TTL yake iishe, la sivyo jina zima litazimika kwa rizolva zinazokagua saini. DNS ya zamani iache hai kwa saa 48 au zaidi. Na hakikisha mapema nani anashika ufunguo wa akaunti ya msajili: mara nyingi ni yule kijana aliyetengeneza tovuti, ambaye siku hizi yuko Kolwezi na hapokei simu.

Yanayoharibika

Distribusheni haitokei kwenye orodha ya malengo: jina la rekodi halimo kwenye majina mbadala. Brauza inalia kuhusu cheti na kuonyesha *.cloudfront.net: sababu ni ileile, au cheti hakijaunganishwa. Kosa la CNAMEAlreadyExists maana yake jina hilo tayari liko kwenye distribusheni nyingine, mara nyingi ya jaribio la zamani katika akaunti ya mtu mwingine. Zoni mbili zenye jina moja kwenye akaunti moja: unahariri moja, dunia inasoma nyingine. Linganisha seva nne za zoni na zile zilizo kwa msajili. Aliyefuta zoni akaiunda upya naye yumo humo, kwa kuwa seva nne alizopewa mara ya pili kwa kawaida si zile za kwanza.

Hayo hujionyesha siku ileile. La kuogopwa ni lile linalokuja baada ya miezi mitatu. Hosting ya pamoja inakaa na mamia ya tovuti kwenye IP moja, kwa hiyo inahitaji kichwa cha Host (jina la tovuti ndani ya ombi) ili ijue wewe ni nani. Fundi anawasha sera ya CloudFront iitwayo AllViewer, Host ya duka.example inapita hadi asili, cheti cha Let's Encrypt kilichoko pale kinalingana, kila kitu kinakwenda. Ila cheti hicho kinaishi siku 90. Baadhi ya paneli, kabla ya kuhuisha, huangalia kama jina linaelekea kwenye IP yao; sasa linaelekea CloudFront, kwa hiyo zinaacha kimya. Siku cheti kinapokufa, CloudFront inakataa kuongea na asili na wateja wanaona 502, wakati hakuna mtu aliyegusa kitu. Dawa: tengeneza tovuti kwenye hosting ijibu kwa jina asili.duka.example, ichukulie cheti cha jina hilo, ambalo linaelekea kwenye IP yao kweli, kisha tumia sera ya AllViewerExceptHostHeader, isiyopitisha Host ya mteja. Kujitilia saini mwenyewe hakufai. CloudFront haikubali cheti cha namna hiyo kwenye asili.

Bei za bidhaa nazo huleta kelele. Sera ya CachingOptimized hushika ukurasa kwa saa 24 kama asili haikusema vinginevyo. Umebadilisha bei ya mabati asubuhi, mteja anaona ya jana mpaka kesho. Ukurasa wa bei upe Cache-Control ya dakika tano, picha ziache zikae. Kufuta kache kwa mkono ni bure kwa njia 1,000 za kwanza kila mwezi, baadaye dolari 0.005 kwa njia, na `/*` inahesabiwa njia moja.

Kama seva yako iko ofisini mjini, CDN haitakuokoa na umeme kukatika zaidi ya muda wa kache. Tovuti isiyo na fomu nyingi ipeleke S3 (hifadhi ya faili ya Amazon), na eneo la Cape Town, af-south-1, lipo ila lazima uliwashe kwanza kwenye akaunti. Usielekeze aliasi moja kwa moja kwenye tovuti ya S3: haina HTTPS, na ndoo (chombo cha faili zako ndani ya S3) inadai iitwe jina lilelile la tovuti. Pitisha CloudFront.

Bei, na ule ukuta

Zoni ni dolari 0.50 kwa mwezi. Maswali ya kawaida ni dolari 0.40 kwa milioni, na maswali yanayojibiwa na aliasi inayoelekea CloudFront hayatozwi. CloudFront inatoa TB 1 na maombi milioni 10 bure kila mwezi. Ukivuka, data inayotoka vituo vya Afrika Kusini na Kenya ni dolari 0.11 kwa GB. Duka la kawaida la mjini halifiki huko.

Kinachouma ni namna ya kulipa. Ni kadi ya benki. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money hazina mlango. Kadi ikiisha muda na akaunti ikafungwa, haizimiki tovuti peke yake: DNS nzima inanyamaza, barua pepe nayo inakwenda, kwa deni la nusu dolari. Weka kadi ya pili, na arifa ya bajeti kwenye dolari 5.

Ukuta ni huu: aliasi ya Route 53 inaelekea rasilimali za Amazon, au rekodi nyingine ndani ya zoni hiyohiyo. Basi. Siku ukipata CDN nyingine yenye bei nzuri, jina tupu haliwezi kuifuata kwa aliasi. Utabaki na njia tatu: CDN ikupe anwani za IP za kudumu uziandike kama A, jina tupu litumike kuelekeza kwenye www tu, au uhamishe DNS. Rekodi ya HTTPS ya RFC 9460, iliyotoka Novemba 2023, ina hali yake ya aliasi kwa kazi hii hasa, lakini si brauza zote zinazoifuata, kwa hiyo usiiegemee.

Cloudflare wanaondoa tatizo hili kwa njia nyingine: CNAME kwenye jina tupu wanaikubali na kuigeuza wenyewe kuwa anwani za IP tangu 2014, hata kwenye mpango wa bure, na anwani wanazotoa ni zilezile duniani kote, mtandao ndio unaompeleka mteja kwenye kituo. Kwa duka lisilo na kitu kingine Amazon, tungeanzia huko. Gharama yake ni kwamba NS zote lazima ziwe zao. Kubaki na DNS yako ni kuanzia mpango wa Business.

Ukiamua kuondoka Route 53, mpangilio ni muhimu. Jenga zoni mpya, badilisha NS kwa msajili, halafu subiri. Rekodi za NS za Route 53 zina TTL ya sekunde 172,800, siku mbili kamili, na muda wote huo zipo rizolva zitakazoendelea kuuliza seva za zamani. Siku mbili zikipita ndipo ufute rekodi za aliasi, uzime distribusheni na kuifuta, na mwisho kabisa zoni, ambayo haitakubali kufutwa mpaka zimebaki SOA na NS peke yake.